Kilomita Mia Tisa za Mtavira

Kapteni Serafina Ntibakazi alikuwa na tabia moja ambayo marubani wenzake waliiona ya kizamani. Hakukubali mashine iwatangazie abiria safari. Kila asubuhi, ndege ikiwa imeshajipanga mwanzo wa njia ya kurukia pale Kigoma, alichukua kipaza sauti mwenyewe na kusema kwa lafudhi yake ya Kasulu:

"Ndugu abiria, kutoka hapa mpaka Tanga ni kilomita elfu moja na hamsini. Leo tutaruka mia na hamsini tu, zile mia tisa tumezikunja. Safari yetu ni robo saa. Mwenye chai ainywe sasa hivi. Mwenye usingizi avumilie, atalala akifika."

Abiria walicheka, hata wale waliokwisha kuisikia mara mia. Wengi wao walikuwa wateja wa kila siku: akina mama wenye ndoo za dagaa, wanafunzi, mafundi, na wakwe waliokuwa wakitembeleana kupita kiasi. Tangu njia ile ifunguliwe, miji miwili iliyokuwa pembe mbili za nchi ilikuwa imegeuka mtaa mmoja. Mgebuka aliyevuliwa alfajiri Kigoma aliliwa mchana Tanga kwa wali wa nazi, na machungwa ya Muheza yalifika Ujiji yakiwa bado na umande.

Serafina aliinua ndege, akangoja mpaka Malagarasi ionekane chini kama uzi uliodondoka, kisha akaielekeza pua ya ndege kwenye mlango wa mkunjo. Hakukuwa na kishindo. Dirishani, mbuga ya Tabora ilianza kuonekana, ikasita, na badala yake ikatokea milima ya Usambara, kijani kibichi, na ukungu ukiwa umeikalia mabegani. Mtoto mmoja nyuma aliuliza nchi imekwenda wapi. Mama yake alimjibu kwamba imekunjwa kama mkeka, wakishapita itakunjuliwa.

Zamani jibu hilo lingekuwa sahihi. Kwa miezi mingi nchi ilikunjwa ndege ikija na kukunjuliwa ikishapita. Lakini wiki tatu zilizopita kampuni ilikuwa imeanza majaribio ya mkunjo wa kudumu, ambao haukukunjuliwa tena usiku wala mchana, ili ndege zipishane njiani kama siafu.

Walipotua Tanga, abiria wote walishuka isipokuwa kijana mmoja wa kiti cha mbele. Alikuwa na mikono ya fundi, myeusi ya grisi kwenye mistari ya viganja, na magotini alikuwa amelaza suti iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Serafina alipotoka chumba cha marubani, kijana alisimama.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Tumefika, ndugu yangu. Au umesahau kitu?"

"Sikusahau. Naitwa Hosea Ntandu, ni fundi baiskeli wa Kisimbiri, huko Singida. Nimepanda treni mpaka Kigoma ili nipande ndege yako, kwa sababu ofisini kwenu nimepiga simu mpaka nimechoka." Aliuweka sawa mfuko wake. "Nimekuja kukuomba unirudishie pori langu."

Serafina alitabasamu. Alidhani ni utani wa watu wa Singida.

"Pori lipi hilo?"

"La kati ya kijiji chetu na Mtavira. Lilikuwa kilomita nne. Kwa baiskeli ni dakika ishirini, na kama unakwenda kumwona mchumba ni kumi na tano. Wiki tatu sasa halivukiki. Nilipanda baiskeli Jumatatu ile ya kwanza asubuhi kama kawaida, nikaendesha mpaka jua likawa la utosi, na mbele bado ni tambarare. Nyasi ziliisha. Miti iliisha. Baadaye ardhi yenyewe ikakosa rangi, ikawa kama sakafu ya majivu, laini, haina hata jiwe. Nikaendesha siku mbili, maji yakaniishia nusu, nikageuka." Alimtazama usoni. "Huko hakuna nzi, Kapteni. Umeshawahi kufika mahali pasipo na hata nzi?"

Tabasamu la Serafina lilikuwa limekwisha kutoka. Alikaa kwenye kiti cha jirani.

Alijua kile ambacho kijana huyu hakukijua, yaani kanuni ya kwanza anayofundishwa kila rubani wa mkunjo: umbali haufi. Ukiutoa hapa, lazima uuweke pale. Zamani walikuwa wakiumwaga juu kabisa angani, ambako hata tai hafiki, na kwa robo saa moja hilo liliwezekana. Lakini kuushikilia umbali huko juu mchana kutwa kulikula umeme wa miji mitatu. Mkunjo wa kudumu ulihitaji kuwekwa chini, na wahandisi walitafuta kwenye ramani mahali palipoandikwa pori tupu. Serafina mwenyewe aliwahi kuonyeshwa alama ndogo ya manjano kwenye ramani, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi.

"Mtavira kuna watu wangapi?" aliuliza.

"Kaya arobaini. Walihamia pale kwenye chemchemi, mwaka wa tano huu. Nyuma yao na ubavuni ni ukuta wa Bonde la Ufa, hata mbuzi haupandi. Njia ni moja tu, hiyo ya kuja kwetu." Akaonyesha ule mfuko wa nailoni. "Harusi yangu ni Jumamosi. Leo Jumanne. Bibi harusi yuko upande wa pili. Kwenye simu tunaongea vizuri, maana simu zinapita juu kwa setelaiti, lakini Kapteni, mtu hafungi ndoa na simu."

* * *

Mume wa Serafina aliitwa Mhina, Msambaa mrefu wa maneno machache, muuguzi wa wodi ya watoto wenye maradhi ya moyo pale Tanga. Ndoa yao ilikuwa imejengwa juu ya ile robo saa. Serafina aliishi Kigoma na baba yake aliyekuwa haoni vizuri, Mhina hakuweza kuiacha wodi, na bado walikula pamoja kila siku mchana kwenye kantini ya hospitali kama watu waliooana nyumba ya pili.

Siku hiyo Mhina alicheka sana aliposikia habari ya bwana harusi na suti yake. Kisha akaacha kucheka, akausukuma mbele wali wake.

"Na mjamzito akishikwa na uchungu huko Mtavira?"

"Ndiyo hivyo."

Mhina aliinuka. "Njoo nikuonyeshe mtu."

Alimpeleka kwenye kitanda cha dirishani. Kijitoto cha kike cha Uvinza kilikuwa kimekaa kinamvisha mwanasesere soksi. Mama yake alikuwa akishona kitambaa.

"Huyu alifika hapa midomo ikiwa ya zambarau," Mhina alisema kwa sauti ya chini. "Uliyemleta ni wewe, ila hukujua. Kwa safari ya saa mbili angani, daktari anasema asingefika. Mabingwa wa mioyo midogo namna hii wako wanne, na wote wako jengo hili."

"Sasa unaniambia nini, Mhina? Niwaache wale watu?"

"Sikuambii ufanye nini. Nakuonyesha pande zote mbili. Ukiona mmoja tu, baadaye utajilaumu."

Serafina alimtazama yule mtoto. Soksi ilikuwa kubwa mno, mwanasesere akafunikwa mpaka kichwani. Mtoto akaona ni vizuri zaidi, akamlaza.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Bwana Lukindo alikuwa mnene wa mwili na wa kicheko, mtu aliyeipenda kampuni yake kama shamba alilolifyeka kwa mikono yake. Alimsikiliza Serafina mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimejua juzi tu kwamba wapo," alisema. "Ramani yetu ilikuwa ya zamani kuliko kijiji chenyewe. Hilo ni kosa letu, silikwepi. Tutawahamisha. Nyumba za bati, maji ya bomba."

"Umewauliza?"

"Nitawauliza."

"Na wakikataa?"

Lukindo aliegemea kiti kikalia. "Kapteni, tunazungumzia kaya arobaini na miji miwili. Jumatatu majaribio yanakwisha na tunafunga mkunjo moja kwa moja. Ukishafungwa umefungwa, hakuna wa kuukunjua tena, unajua hilo kuliko mimi. Sheria inataka mkono wa rubani mkuu, na rubani mkuu ni wewe. Ukikataa nitatafuta mwingine. Nitaumia, lakini nitatafuta."

"Basi nipe ile ndege ndogo ya ukaguzi. Kabla sijauweka mkono wangu nataka kuwaona ninaowawekea."

Mkurugenzi alifikiri, kisha akasukuma ufunguo mezani. "Usiwaahidi kitu," alisema.

* * *

Waliondoka kesho yake asubuhi, Serafina na Hosea. Kijana alishikilia kiti kwa mikono miwili na hakupepesa macho mpaka walipofika juu ya Kisimbiri.

"Tazama chini," Serafina alimwambia.

Kutoka juu pori lilionekana lile lile, kilomita nne za nyasi za hudhurungi, Kisimbiri upande huu na mabati ya Mtavira yakimeta upande wa pili, karibu kiasi kwamba moshi wa majiko ya vijiji hivyo ulichanganyika. Ila katikati palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, kama mshono wa nguo.

"Zile mia tisa zimo ndani ya huo mstari," Serafina alisema. "Umbali umelazwa chini kama zulia, kimo chake hakifiki mita mia. Anayepita juu yake haugusi. Anayetembea anauingia."

"Kwa hiyo ningekuwa kunguru ningeshaoa."

"Ungeshaoa zamani."

Walivuka kwa muda wa kumeza funda la maji. Ndege ilipotua kwenye uwanja wa shule, watu wa Mtavira walikuja wakikimbia. Wa kwanza kufika alikuwa msichana mrefu mwenye kanga kiunoni. Alisimama hatua chache mbele ya Hosea na kumtazama kutoka viatuni mpaka kichwani. Huyo ndiye Eliwaza.

"Umekonda," alimwambia.

"Nilikuwa njiani kuja kwako."

Eliwaza aliziba mdomo kwa kanga. Haikujulikana kama anacheka au analia, na pengine hata yeye hakujua.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wote walimwita Mama Eliwaza. Serafina alipiga goti, akaamkia, akajieleza yeye ni nani na amefanya nini. Hakuficha. Alisema ndege yake ndiyo iliyowaletea ule umbali, na kwamba Jumatatu anatakiwa kuufunga usitoke tena.

Mzee mmoja alitema mate pembeni.

"Marahaba, mwanangu," Mama Eliwaza alisema mwishowe. "Mgeni haulizwi mambo mazito na tumbo tupu. Njoo ule kwanza, tukugombeze ukiwa umeshiba."

Walimpa ugali wa uwele na mlenda, na kuku mmoja aliyechinjwa kwa ajili ya wageni wa harusi. Kisha wakamgombeza kweli. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akitoka Kisimbiri, sasa watoto wanafundishana wenyewe. Chumvi imekwisha. Kuna mama mwenye mimba ya miezi minane, naye mkunga yuko ng'ambo. Mzee mmoja alisema yeye hahitaji kitu chochote Kisimbiri, lakini jioni alizoea kuitazama mioto ya kule na kujua kwamba duniani hayuko peke yake. Sasa mioto haionekani.

Serafina aliwasikiliza wote. Zamu yake ilipofika aliwaeleza juu ya yule mtoto wa Uvinza na midomo yake ya zambarau. Alieleza polepole, bila kuwaomba chochote. Akina mama walipiga vidole wakasikitika.

"Amepona?" Mama Eliwaza aliuliza.

"Amepona. Wapo wengine nyuma yake."

"Basi umetuletea mtihani. Mtu angekuwa anatunyang'anya ili atajirike, ningejua la kumwambia." Alisugua magoti. "Na nikisema kweli mbele ya Mungu, huo umbali wenu si mbaya wote. Mbuzi wa Kisimbiri walikuwa wakila alizeti yangu kila mwaka. Mwaka huu haujaguswa hata mche. Mngeniachia kilomita moja tu, nikaiweka upande wa wale mbuzi, ningewaombea dua."

Watu walicheka.

"Mimi mniachie nusu," alisema mwanamke mmoja nyuma, "niiweke kati ya nyumba yangu na ya wifi yangu."

"Na mimi nichukue hiyo nyingine," wifi alijibu kutoka upande wa pili, "ili iwe kamili."

Kicheko kilizidi. Kijana mmoja alisema shule iko jirani mno na mashine ya kusaga, mwalimu akisema moja watoto wanasikia saba. Mwingine alitaja kilabu cha pombe na kanisa la Kisimbiri, ambavyo vilikuwa vimepakana ukuta. Hosea naye, akisahau aibu ya mkwe, alisema binamu yake analima karibu na hifadhi ya Tarangire na tembo wanamaliza mahindi, angepewa hata kilomita tano angezipokea kwa mikono miwili.

Serafina alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameshika kipande cha kuku mkononi na hakukumbuka kukipeleka mdomoni. Muda wote ule walikuwa wakiuita umbali takataka. Hawakuwahi kufikiri kwamba upo mtu anayeuhitaji.

"Mama," alisema, "narudi Tanga sasa hivi, na bwana harusi nitamshusha kwao Kisimbiri."

"Maliza kuku. Na unisikilize." Mama Eliwaza alimshika mkono. "Naona ulipofika. Ukienda kuwagawia watu, uliza pande zote mbili. Huyu anayetaka kuwa mbali na yule, muulize na yule. Sisi hatukuulizwa, ndiyo maana unatuona hapa."

* * *

Lukindo alicheka mpaka akatoa leso. Alipomaliza kufuta macho aliona Serafina hacheki, naye akaanza kuuliza maswali ya maana. Je, mkunjo unaweza kugawanywa vipande? Unaweza, Serafina alisema, kipande kimoja mahali pamoja au vipande mia tisa mahali mia tisa, mashine haijali. Je, patapatikana watu wa kutosha? Hakujua. Aliomba apewe mpaka Jumamosi.

Alhamisi asubuhi redio zilitangaza, Kigoma na Tanga na za katikati, kwamba kampuni ya mkunjo inagawa umbali kwa anayeuhitaji. Watu walidhani ni mzaha. Kabla ya adhuhuri simu zilikuwa hazipumziki. Wodi ya wazazi ilitaka umbali kati yake na kituo cha mabasi. Kijiji kimoja kilitaka kilomita tatu kati ya kisima na machimbo. Wakimbiaji wa Singida waliomba kilomita arobaini nzima za mazoezi, na walizitaka zile zile za majivu, laini, zisizo na magari. Mzee wa Korogwe aliomba umbali kati yake na jogoo wa jirani, lakini jirani alipoulizwa akasema yuko tayari kumchinja jogoo, na wakaalikana chakula.

Maana kila ombi liliulizwa pande zote mbili, na si yote yaliyopita. Wifi wawili wa Mtavira, walipoulizwa rasmi, kila mmoja alikataa. Mtu mmoja tajiri alitaka kilomita kumi kati ya jumba lake na makazi ya vibarua wake. Vibarua waliulizwa nani atatembea hizo kumi kila alfajiri, na ombi likatupwa. Lililowasumbua zaidi lilikuwa la wakulima wa Tarangire, kwani tembo haulizwi. Serafina alitaka waliache. Bwana wanyamapori wa eneo lile alikuja ofisini akawaonyesha njia za tembo za kwenda majini, nao wakauweka umbali upande wa mashamba tu, mtoni wasiuguse. Hata hivyo Serafina hakuwa na uhakika kwamba wametenda haki, na alisema hivyo waziwazi, na bwana wanyamapori akasema hata yeye hana.

Ijumaa jioni walikuwa wamepata pa kuweka kilomita mia nne na arobaini. Serafina alikuwa na tumaini la mia tisa.

"Nusu," Lukindo alisema. "Nusu haitoshi, Kapteni. Hizo zilizobaki zinabaki Mtavira."

"Hapana. Hizo zilizobaki tutaziruka."

"Kesho ndege imejaa. Abiria wamekata tiketi ya robo saa. Watakwenda saa nzima na dakika juu."

"Basi panda na wewe, uwaambie."

Mkurugenzi alimkodolea macho. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa mlangoni, akasema atapanda.

* * *

Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha injini, Serafina alitoka chumba cha marubani na kwenda safu ya tatu. Mhina alikuwa amempigia simu tangu mapema kumwambia kuna mtoto wa miezi saba anayekuja leo, ana mtungi wa oksijeni na muuguzi wake. Mama wa mtoto alikuwa binti mdogo tu kutoka Kibondo, jina lake Yustina, amekaa wima kama mtu aliyekatazwa kuegemea.

Serafina alichuchumaa kando ya kiti.

"Mama, leo safari ni ndefu kuliko ulivyoambiwa. Ni saa moja na kidogo. Daktari wa Tanga amemsoma mwanao kwa mashine, anasema saa moja anaiweza, mbili hapana. Lakini mwana ni wako. Ukisema hapana, nitaikunja njia yote kama jana, na nitawapigia simu watu fulani niwaombe radhi."

Nyuma yake Lukindo, aliyekuwa akijifanya anafunga mkanda, aliacha kufunga.

"Watu gani?" Yustina aliuliza.

Serafina alimweleza. Alifupisha, lakini hakuiacha harusi.

Yustina alimtazama muuguzi, muuguzi akaitazama saa ndogo ya kupimia oksijeni na kukubali kwa kichwa. Binti alimrekebisha mtoto kifuani. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Dada yangu alimpeleka wake kwa treni," alisema. "Hawakufika." Kisha akasema, "Saa moja si kitu. Nitamwimbia. Waache waoane."

Lukindo alisimama mbele ya abiria, akapangusa kipara, akawaambia. Mama mmoja wa dagaa alinung'unika kwamba barafu yake itayeyuka. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama atarudishiwa kitu. Wengine walitaka tu kujua bibi harusi ni wa wapi na amevaa nini, na kwa kuwa mkurugenzi hakujua, walimwona hana faida.

Serafina alichukua kipaza sauti.

"Ndugu abiria, kutoka hapa mpaka Tanga ni kilomita elfu moja na hamsini. Leo tutaruka mia sita na kumi. Mwenye usingizi sasa anaruhusiwa."

Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima waliiona nchi. Waliiona Malagarasi ikijipinda, wakaona Tabora na miembe yake, wakaona mashamba ya tumbaku na ng'ombe waliotawanyika kama mbegu. Watu waliacha simu zao. Yustina aliimba wimbo wa kulaza watoto wa kwao Buha, sauti ndogo isiyo na haraka, na abiria wa nyuma wenye asili ya huko wakaitikia bila kuombwa. Kila baada ya muda muuguzi alikagua midomo ya mtoto na kuinua kidole gumba kuelekea mlango wa marubani, ambao Serafina alikuwa ameuacha wazi.

Walipoukaribia ukuta wa Bonde la Ufa, aliishusha ndege kidogo.

Mstari wa kijivu haukuwapo. Zilikuwapo nyasi, na njia nyembamba ya baiskeli, na juu ya njia hiyo kulikuwa na watu wakivuka kutoka Mtavira kwenda Kisimbiri: watu wengi, wenye nguo za rangi, wengine wamebeba vitu vichwani, vumbi likiwafuata. Mbele yao alikuwa mtu mmoja mwenye nguo nyeupe, na upande wa pili wa pori kundi jingine lilikuwa limetoka kuwapokea, na katika kundi hilo kulikuwa na kijana mmoja wa suti aliyeshindwa kungoja, amepanda baiskeli, anakuja peke yake kwa kasi katikati ya pori.

"Upande wa kushoto," Serafina alitangaza, na ndege nzima ikajaa upande wa kushoto.

Mama wa dagaa alipiga vigelegele. Akina mama wote wakamfuata. Lukindo alikuwa amebandika uso dirishani kama mtoto.

"Nne," alisema peke yake. "Kweli ni kilomita nne tu."

Tanga walitua jua likiwa limepanda. Mhina alikuwa chini ya ngazi na machela, na kabla mtu mwingine hajashuka Yustina alishuka na mwanawe. Mhina alimwinamia mtoto, akamshika kidole cha mguu, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, huku Serafina amesimama juu mlangoni. Mhina akainua uso. Alimtikisia kichwa tu mkewe, kichwa cha heri, na machela ikaondoka na Yustina akienda mbio kando yake, bado anaimba.

"Jumatatu," Lukindo alisema nyuma ya Serafina, "sifungi kitu. Tuendelee kugawa. Dakika arobaini tukizifikia, watu watazoea."

"Na wasipozoea?"

Mkurugenzi alifikiri. Chini, akina mama wa dagaa walikuwa wakishusha ndoo zao zinazovuja maji ya barafu, wakibishana kwa furaha kama yule wa suti alimfikia bibi harusi kabla wazee hawajamkamata, au wazee walimuwahi.

"Watakuwa wameiona nchi dirishani," alisema.